Mwanamke wa Ndani ya Probox

Miaka tisa, kila nikitia ufunguo,
mwanamke asiyeonekana husema jambo kwa Kijapani
chini ya dashibodi, kwa adabu, mara moja tu.
Mama yangu Dorsila, kiti cha mbele, mkoba mapajani,
humjibu: "Ber ahinya, nyara."
Kwake yeye salamu haiachwi ikaanguka chini.

Nauza spea Kibuye: taa za nyuma, shokomzoba,
milango iliyopoteza magari yake.
Mwaka huu niliifuata biashara hadi Osaka,
mimi niliyekuwa sijavuka Kampala,
na nilipotoka tu stesheni nikaganda.
Sauti ile ile! Ndani ya lifti.
Kwenye ngazi zinazopanda zenyewe.
Choo kilinisemesha.
Nikageuka kulia na kushoto
kumtafuta Mama aje ajibu.

Mtaa wa maduka hauna mwisho wala mbingu,
umeezekwa paa kutoka kona hadi kona.
Nilinunua visu viwili, soksi zenye vidole,
mwavuli unaokunjika ukatoshana na mswaki,
na sufuria. Ndiyo, sufuria, nichekeni mtakavyo;
kifuniko chake hakipigi kelele wali ukichemka.
Nilipoomba nipunguziwe
muuzaji aliinama. Nami nikainama.
Akainama tena.
Bei haikuinama.

Tambi nilizila nikiukabili ukuta, kama mtoto aliyekosa,
na mzee wa kando yangu alizivuta kwa mlio
ambao Dorsila angenifinya kwa ajili yake.
Nikavuta nami. Mchuzi ukashuka hadi magotini.
Samaki waliniletea mbichi, kipande chekundu
kimelala juu ya tonge la wali.
Nikamkumbuka mbuta wa Lwang'ni anavyolia kwenye mafuta.
Nikafumba macho.
Halafu nikaagiza sahani ya pili,
na hilo lisifike Dunga.

Usiku wa mwisho nilipanda ghorofa ya arobaini.
Ukisimama Riat usiku unaona mji ukiisha:
taa, taa, kisha ziwa, weusi mtupu,
na vitaa vya omena vinavyotikisika mbali.
Kule nilizunguka madirisha yote manne
nikitafuta mahali giza linapoanzia.
Sikupaona. Palikuwa pazuri hadi nikachoka,
nikakaa kwenye benchi, nikavua viatu.

Asubuhi, yadini, nilimwigia Bwana Morishige ile sauti,
neno kwa neno, kama nilivyoikariri kwa miaka.
"Huyu mama anasemaje?"
Akacheka hadi akashika meza.
"Anasema kadi haijaingizwa."
Kadi ya kulipia barabara.
Basi. Hakuna karibu, hakuna safari njema.

Mama alinipokea uwanja wa ndege, Kisumu.
Akaigonga sufuria kitako, akasikiliza, akaridhika.
"Na samaki wanamla mbichi kwa nini? Hawana kuni?"
Nikatia ufunguo. Mwanamke akasema lake.
"Ber ahinya, nyara."
Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza ukweli.
Alinyamaza hadi Bandani.
Kisha akanigeukia mwili mzima:
"Miaka tisa mtu anakudai,
nawe unabadilisha gia tu?"

Akafungua mkoba. Akatoa kadi ya treni,
ile ya buluu niliyomletea aiweke kabatini aonyeshe wageni,
akaisukuma ndani ya kijisanduku kwa kidole gumba
mpaka ikalia tik.

Leo alfajiri nimewasha gari.
Mwanamke amesema maneno mapya kabisa,
marefu, ya taratibu, kama mtu aliyeketi.
Sijui maana yake, na Morishige yuko mbali.
Mama ameitikia mara mbili,
akafunga mkanda.